Chupa Thelathini na Nane za Nyantakara

Nyantakara, Biharamulo
12 Mei 1996

Mdogo wangu Fideli,

Wote wa hapa nyumbani wanakusalimu, na mimi mwandishi wao nakusalimu zaidi. Mama yupo. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anatembea vizuri na kugombana na kuku. Shemeji yako Nyanda ng'ombe wake wawili wamezaa, anatembea kifua mbele utadhani kazaa yeye. Maharage yamekubali. Mihogo ya bondeni imeoza kwa mvua ileile iliyowatesa ninyi njiani mwezi wa tatu. Mpwa wako Idefonsi ametimiza miaka mitatu na sasa anajibu watu wazima. Ukimwambia njoo, anakuambia njoo wewe.

Sasa nisikilize. Ni wiki ya nane tangu wewe na wenzako muondoke hapa na lile sanduku lenu la baridi. Mlisema wiki sita. Mlichukua damu ya watoto thelathini na wanane. Ninaijua hesabu kwa sababu mimi ndiye niliyewaita mama zao, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, huku matope yakinifika magotini. Wengine walinifungia mlango. Niliwaambia maneno uliyonifundisha: kwamba homa ni ileile, lakini mtoto mmoja anatoka jasho tu na mwingine anakakamaa na kugeuza macho, na daktari wenu anataka kujua kwa nini, kwamba huenda damu ya wale wa degedege imepungukiwa na madini fulani, zinki, ambayo ni machache kuliko chumvi kwenye mboga, kwamba yakionekana yamepungua, watoto wataletewa vidonge na tutaona kama vinasaidia. Niliyasema mara nyingi mpaka nikaanza kujisikia daktari.

Rozalia, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, alikuwa wa kwanza kukubali. Magdalena wake ameshapata degedege mara tatu. Kila tukikutana kisimani ananiuliza, "Secilia, mdogo wako amesemaje?" Nasema bado. Nimechoka kusema bado. Andika.

Dada yako,
Secilia Niragira

*

Ngara
9 Juni 1996

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana kwa mkono wa dereva wa malori ya mahindi, imekunjwakunjwa na ina mafuta, lakini inasomeka. Nashukuru kusikia Mama anatembea. Mpe pole ya miguu, na umwambie nitamtafutia dawa ya kuchua. Mpongeze shemeji kwa ndama. Huku kwenye kambi ya wakimbizi hali ni ya vumbi, foleni na kikohozi. Watu ni wengi mno, dada, huwezi kuelewa mpaka uone. Kazi ya maabara inaendelea vizuri na daktari ameniamini kwa mambo mengi. Je, maharage mmevuna debe ngapi? Yale ya madoadoa mekundu bado mnayo mbegu? Kama ipo nitunzie kidogo.

Kuhusu majibu, sampuli zilipelekwa kwenye maabara kubwa huko Ulaya, maana kupima madini madogo namna hiyo kunahitaji mashine ambayo hapa nchini si rahisi kuipata. Taratibu za kisayansi zina hatua zake. Naomba akina mama wawe na subira.

Wako mtiifu,
Fideli Ndizeye

*

Nyantakara
30 Juni 1996

Fideli,

Marahaba. Tu wazima, lakini si wote, na ndiyo maana sina muda wa kukueleza habari za mbegu.

Jumanne iliyopita, saa saba mchana, Idefonsi alikuwa amelala kwenye mkeka, mwili moto. Nilikuwa nachambua mboga. Nikasikia meno yanasagana. Nilipogeuka macho yake yalikuwa meupe, mikono imekunjika, povu mdomoni. Nilipiga yowe mpaka Nyanda akalisikia kwenye majaruba. Unajua Mama alifanya nini? Alisimama mlangoni na miguu yake hiyo mibovu, akanyoosha mikono, akasema sitoki na mtoto. "Mtoto wa degedege hachomwi sindano. Ukimchoma anakata roho palepale." Alikuwa ameshawasha mavi ya tembo kwenye kigae ili nimfukize mtoto. Fideli, nilimsukuma mama yetu. Sijawahi. Nilimsukuma akaangukia magunia, nikapita.

Zahanati wakampoza kwa maji, wakamchoma sindano, akaacha kukakamaa. Hakukata roho. Leo anakula. Lakini Mama hasemi na mimi siku ya tano sasa, anasema nimemwaibisha mbele ya mkwe.

Na wewe unaniandikia "taratibu za kisayansi zina hatua zake." Mimi ni mwanamke wa darasa la saba lakini najua mtu anaponizungusha. Habari za maharage umeuliza mara mbili, za watoto hata mara moja hukuuliza. Mwaka sabini na mbili nilikubeba mgongoni kutoka Burundi nikiwa na miaka tisa, ukanikojolea njia nzima, sikukuambia kwamba kubeba kuna hatua zake. Majibu, Fideli.

Secilia

*

Ngara
21 Julai 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa ugonjwa wa Idefonsi, na pole kwa yaliyotokea baina yako na Mama. Uliamua vizuri kumpeleka zahanati. Usichoke kumpeleka.

Majibu yamefika. Watoto wa Nyantakara damu yao ni nzuri. Madini ya zinki yamejaa, hata kupita kiwango cha kawaida, kwa waliopata degedege na kwa wasiopata. Kwa hiyo kwenu hakuna upungufu. Unaweza kuwaambia akina mama wasiwe na wasiwasi.

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Fideli

*

Nyantakara
11 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Mama amenisamehe, tena kwa sababu yako. Nilipomsomea barua alicheka, akasema "si nilisema si ugonjwa wa damu?" Nilimwacha afurahi. Nyanda anakusalimu. Debe ni kumi na moja, na mbegu zako nimezifunga kwenye kitambaa.

Barua yako niliisoma Jumapili baada ya misa, nimesimama juu ya kiti cha mwenyekiti wa kigango. Damu nzuri! Watu walipiga makofi. Rozalia alinikumbatia mpaka kanga ikanidondoka. Nilijiona mtu.

Lakini wiki hii nimekwenda Runazi mnadani. Nikakutana na wanawake wa huko, nao walichukuliwa damu na kundi lenu jingine, wiki ileile. Wao wameambiwa watoto wao wamepungukiwa sana. Wameshaanza kupewa vidonge, vya njano, kila siku kimoja, na mama mmoja ananiambia kambini nako wanapewa. Sawa, nimefurahi kwa ajili yao. Ila naomba unieleze, wewe msomi. Runazi wanakula muhogo na mahindi, sisi tunakula muhogo na mahindi. Wao nyama wanaiona Krismasi, sisi tunaiona Krismasi, maana ng'ombe wa shemeji yako ni wa kutazama. Udongo ni huuhuu. Hayo madini yetu yaliyojaa kupita kiwango tumeyaokota wapi?

Sikulaumu. Nauliza tu. Jibu kwa barua inayofuata ya dereva.

Secilia

*

Nyantakara
22 Septemba 1996

Fideli,

Salamu hazipo. Hukujibu barua yangu ya mwezi wa nane, na madereva wawili wameniambia walikupa mkononi.

Magdalena wa Rozalia amekufa. Tumemzika Alhamisi.

Alipata homa Jumamosi. Jumapili akakakamaa mara moja, Jumatatu mara nne. Nilikwenda kwa Rozalia nikamkuta amemfunika mtoto gunia, nyumba imejaa moshi wa mavi ya tembo, huoni mkono wako. Nikasema tumpeleke zahanati. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Secilia, wewe si ulitusomea mwenyewe? Damu yake nzuri. Kama damu ni nzuri, hili si la hospitali. Sindano itamuua bure." Nikamwambia homa ni homa, huenda ni malaria, twende. Akasema mtoto wangu Idefonsi alikuwa na wadudu wa malaria na wa kwake ana jambo jingine, maana vipimo vya Ulaya vimesema ni mzima. Nilimvuta mkono. Mumewe akanitoa nje.

Jumanne mchana wakakubali. Tulifika zahanati Nyanda akiendesha baiskeli na Rozalia nyuma na mtoto kifuani, mimi nakimbia pembeni. Tabibu aliweka kidole shingoni kwa mtoto, halafu akakitoa.

Pale kaburini Rozalia alikuwa anasema neno moja tu, "umwana wanje, umwana wanje," mtoto wangu, mtoto wangu. Hakunilaumu. Afadhali angenipiga.

Sasa nataka kujua kitu kimoja. Majibu yale ni ya kweli?

Secilia

*

Ngara
13 Oktoba 1996

Dada Secilia,

Shikamoo. Nimepokea habari za msiba kwa majonzi makubwa. Mfikishie Rozalia na mumewe rambirambi zangu. Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Nimetuma kanga moja na sukari kilo mbili kwa dereva.

Dada, nakuomba uelewe mambo kitaalamu. Mtoto huyo kwa maelezo yako alikuwa na malaria kali. Madini ya zinki hayatibu malaria. Hata kama angekuwa anapewa vidonge, hakuna mtu duniani anayeweza kusema vingemwokoa. Na kama degedege inapungua kwa vidonge hivyo, hata hilo hatujui bado, ndiyo maana ukaitwa utafiti. Kwa hiyo kuunganisha kifo hiki na majibu ya damu si sahihi. Aliyemchelewesha ni mama yake pamoja na imani potofu ambazo sisi tulioelimika tunapaswa kuzipiga vita.

Watoto wa Nyantakara walipimwa kama wengine, kwa mashine ileile. Nakushauri usiendelee kuzungumza habari hizi kisimani, zinaweza kuharibu jina la watu. Huku kuna uvumi kwamba wakimbizi watarudishwa kwao, na shirika litafunga kazi mwisho wa mwaka. Kila mtu ana hofu na kibarua chake.

Fideli

*

Nyantakara
27 Oktoba 1996

Fideli Ndizeye,

Kanga na sukari nimevirudisha kwa dereva yuleyule. Mwulize.

Unaniambia aliyemchelewesha ni mama yake. Mama yake alisoma nini wewe ukamwandikia barua ya mistari mitano kwamba mtoto ni mzima? Najua zinki haitibu malaria. Sijadai hivyo. Nadai kwamba mwanamke aliambiwa kwa maneno yako, kwa mdomo wangu, kwamba mwanawe hana tatizo lolote mwilini, na akayaamini kuliko macho yake. Na unathubutu kuandika "imani potofu". Imani yake yote aliiweka kwako!

Nikueleze nilikotoka juzi. Idefonsi alijikata mguu kwa jembe, nikampeleka zahanati. Tabibu Faustini ni kijana mpole, anapenda kuongea akifunga kidonda. Nikamuuliza, hii zinki ni kitu gani hasa, ina rangi gani, inakaa wapi? Akacheka. "Mama Idefonsi, wewe unalala chini yake. Mabati mapya yanavyong'aa vile, ni chuma kimepakwa zinki kisishike kutu. Hata ndoo yako ya bati imepakwa hiyohiyo."

Nilirudi nyumbani nikasimama uani natazama paa. Nyanda akaniuliza kama kuna nyoka.

Fideli, kijiji kizima nyumba ya bati ni yangu peke yangu, mabati ambayo Nyanda aliyaezeka mwaka jana baada ya kuuza madume. Siku mliyofika, gari lenu lilikuwa limezama mtoni na sanduku lenu limeanguka kwenye tope. Vifuniko vya vichupa vya damu vilikuwa vimefunguka. Ukaniambia, dada, chemsha maji, tusafishe vichupa hivi, haraka, tena wenzako ukawatuma kwa mwenyekiti kutafuta watu wa kusukuma gari. Sikukupa maji ya kisima, nilisema ni machafu. Nikakupa ya mvua, kutoka kwenye pipa, yaliyotiririka kwenye bati langu. Nikayachemsha kwenye ndoo mpya ya bati. Tukayachemsha mara mbili, maana wewe ulisema usafi ni muhimu. Nikavisuuza mimi kwa mikono yangu, vyote thelathini na vinane, nikavipanga kwenye meza juani.

Hivyo mashine ya Ulaya ilipima damu ya watoto au ilipima paa langu?

Swali langu ni fupi. Ulijua?

Secilia

*

Ngara
17 Novemba 1996

Dada,

Nimeanza barua hii mara nne.

Ndiyo. Si siku ile. Siku ile sikujua, naapa kwa Mama. Vichupa vilikuja kutoka Ulaya vimeoshwa kwa dawa maalumu, na tulifundishwa kwamba kikichafuka hakioshwi, kinatupwa. Hatukuambiwa kwa nini. Mimi nilidhani ni anasa za wazungu, kutupa kitu kizima kwa sababu ya tope kidogo. Sisi tumekua tukiosha kila kitu na kukitumia tena: kopo, mfuko, gunia, chupa ya dawa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongoza safari. Sanduku halikufungwa kamba, na kulifunga ilikuwa kazi yangu. Ningerudi mikono mitupu wangempa mwingine nafasi hiyo. Nikaona, nikivisafisha vizuri kuliko vilivyokuwa, nani atajua?

Majibu yalipokuja mwezi wa saba, daktari aliniita ofisini. Alikuwa ameweka karatasi za Nyantakara peke yake. Akasema namba hizi haziwezekani, zimezidi mara tatu, je, vichupa viligusana na maji, na bati, na mpira, na chochote? Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikiona kile kipipa chako mbele ya macho yangu.

Nikasema hapana.

Aliniuliza tena, kwa utaratibu. Nikasema hapana, daktari, vilifunguliwa palepale kitandani kwa mtoto. Akaniamini. Aliandika kwamba labda ni udongo wa huko, akaitoa Nyantakara kwenye orodha ya vidonge. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikwepa macho yake, na barua zako nimekuwa nikizifungua siku ya tatu.

Sasa unafurahi? Umepata ulichokitaka? Ila usijifanye malaika, dada. Maji yalikuwa yako. Ndoo yako, bati lako, majivuno yako ya kukataa maji ya kisima mbele ya wageni. Ungetoa maji ya kisima kama watu wengine, pengine yasingekuwa haya. Na nani alikutuma upande juu ya kiti kusoma barua ya ndugu yako kanisani? Mimi niliandika "wasiwe na wasiwasi". Wewe ndiye uliyepigiwa makofi.

Nisamehe hayo. Siyafuti kwa sababu karatasi hii ndiyo ya mwisho niliyo nayo.

Daktari anaondoka kabla ya Krismasi na ripoti yake. Itachapishwa huko kwao. Nikisema leo, natoka bila cheti, na baada ya hapa hakuna atakayeniajiri hata kufagia. Nikinyamaza, ni ukurasa mmoja tu kwenye kitabu ambacho hakuna mtu wa Nyantakara atakayekisoma. Mtoto amekwisha zikwa, dada. Hakuna barua itakayomrudisha. Nakuomba kama mama, maana wewe ndiye uliyenilea: ichome hii ukishaisoma.

Fideli

*

Nyantakara
8 Desemba 1996

Fideli,

Mama hajambo. Idefonsi hajambo, kidonda kimefunga. Redio imesema wakimbizi warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi, na tangu juzi kuna watu wanapita porini upande wa Nyabusozi na magodoro kichwani, wanaelekea wasikokujua. Nyanda amewapa maziwa. Mama anawatazama na kulia, anasema ni sabini na mbili imerudi. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Barua yako niliisoma uani, nikaisoma tena shambani, na mara ya tatu nikaishika juu ya moto wa jiko kama ulivyoniomba. Kona moja imeungua, utaiona. Halafu nikaivuta.

Ni kweli uliyosema juu yangu. Nilikataa maji ya kisima kwa sababu nilitaka wenzako waone kwamba dada yako ana pipa. Nilipanda juu ya kiti kwa sababu nilitaka kuonekana. Nimekaa na hayo wiki nzima, yananichoma, na sitayakana mbele ya mtu. Lakini mimi sikuulizwa na daktari, Fideli. Mimi nikiulizwa jambo nasema. Wewe uliulizwa mara mbili, kwa utaratibu, na karatasi ziko mezani, na watoto thelathini na wanane walikuwa bado hai wote. Ilikuwa mwezi wa saba. Magdalena alikufa mwezi wa tisa. Kati ya hapo kulikuwa na wiki nane za kusema "ndiyo" moja.

Unasema hakuna mtu wa Nyantakara atakayekisoma hicho kitabu. Hasira yangu yote iko kwenye sentensi hiyo. Daktari yule hajui Nyantakara iko wapi, si kosa lake. Wewe unaijua. Hapa ndipo ulipofundishwa kusoma, na aliyekufundisha ni mimi, kwa mkaa, ukutani. Tulijifunza tuwe watu, si ili tujue nani hawezi kusoma tupate kumficha.

Barua yako nimeinakili yote, neno kwa neno, hata matusi yako kwangu, na chini yake nikaandika habari ya pipa na ndoo kama nilivyoona kwa macho yangu, nikatia sahihi. Nakala hiyo ameichukua padre aliyekwenda Ngara Ijumaa, ampe daktari mkononi. Kabla hujafungua bahasha hii yeye atakuwa amesoma. Kama bado ana siku hata tatu, anaweza kuliondoa jina la kijiji chetu kwenye uongo, na huenda mwingine akaja na sanduku lililofungwa kamba. Sasa kibarua chako kimekwisha, na mimi ndiye niliyekimaliza. Unichukie, una haki.

Ndani ya bahasha utaikuta barua yako yenyewe. Nimekurudishia.

Mara mbili nimevuka njia nikaenda kwa Rozalia nikiwa nayo kwenye kanga. Mara ya kwanza alikuwa anapepeta mahindi, akanisogezea kigoda. Mara ya pili akanionyesha gauni la mtoto, akaniuliza kama lingemfaa binti wa mdogo wake au ni mkosi. Nilikaa, nikanywa uji wake, nikaondoka. Nimeweza kumsukuma mama yangu mzazi, nimeweza kukushtaki wewe, lakini hilo nimeshindwa. Kisha nikajiuliza kwa nini nalibeba mimi. Nimekubeba mara moja, inatosha.

Rozalia hajui kusoma. Utamsomea wewe, yote, na ile ya mwezi wa kumi, kwamba aliyemchelewesha ni mama yake, utamwambia uliandika hivyo pia. Nitakuwepo, nitakaa chini kando yake, kwa sababu ndoo ilikuwa yangu.

Nyumba yake ni ile ya nyasi ng'ambo ya njia, mlango unatazama kwetu. Ukifika, usipitie kwangu kwanza.

Secilia